Wajukuu Kumi na Mmoja, Faili Nane

Nina mdomo, sikatai. Tangu nikiwa mtoto Kibokoni naambiwa nina mdomo, nami hujibu kwamba mdomo ninao na kazi naijua, basi. Ninafundisha kompyuta katika chuo kimoja hapa hapa mjini kwetu, karibu na Buxton. Somo langu ni lile ambalo wanafunzi wengi hawalipendi, la kuendesha kompyuta kwa amri za kuandika. Hakuna kubofya vijipicha. Unafungua dirisha jeusi, unaandika maneno mawili matatu, kompyuta inatii. Ukiandika cp, inanakili. Ukiandika mv, inahamisha faili, na hiyo hiyo mv ndiyo inayobadilisha jina, maana kwa kompyuta kuhama na kupewa jina jipya ni kitu kimoja.

Kuna jambo huwaambia wanafunzi siku ya kwanza, tena kwa ukali. Amri ya mv haiulizi. Ukiipa faili jina ambalo tayari lina mwenyewe, haitakwambia ngoja, hapa pana mtu. Itamfuta aliyekuwepo, itamweka mgeni, kisha itakurudishia mstari mtupu kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa hivyo kwanza nakili kila kitu mahali pengine. Hesabu. Iambie kompyuta ikuonyeshe itakachofanya kabla haijafanya. Ongeza herufi moja tu, n, nayo itakataa kufuta chochote. Halafu hesabu tena. Nikimwona mwanafunzi ameruka hatua humsimamisha mbele ya wenzake, na yuko mmoja, mtu mzima mwenye watoto, niliyemsema mpaka akalia. Nayataja haya ili isije ikadhaniwa kwamba niliyoyafanya niliyafanya kwa kutojua.

Nyanyangu, mamake baba, alizaa wana wa kiume wanne. Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mamake babake, na hao ndugu wanne wote walikuwa watu wa mama yao. Kila mmoja wao binti yake wa kwanza alimpa jina la nyanya. Hivyo katika wajukuu wa kike kumi na mmoja, wanne tuna jina moja, na jina lenyewe ni lake. Mimi ni wa kwanza wao, kwa kuwa baba ndiye mkubwa.

Mgeni angedhani nyumba ile ilikuwa na vurugu, mtu akiita wanageuka watano. Wapi. Jina lile halikuitwa kabisa. Mama zetu wangemgombezaje mtoto mwenye jina la mama mkwe? Umwambie fulani wee, mbona una ukaidi hivyo, na mama mkwe yuko chumba cha pili akusikia? Hasha. Kila mmoja wetu alipachikwa jina la nyumbani angali mchanga, na hilo ndilo aliloitwa mpaka akaolewa. Jina la kweli lilikuwa la shule na la kitambulisho. Kichwani mwangu sisi wanne hatukuwa na jina moja, na sikumbuki siku hata moja niliyotuwaza hivyo.

Katika hao wanne yuko mtoto wa ami, mdogo wake baba, ambaye huuza mahamri na mbaazi asubuhi kule Makadara. Nimempita kwa miaka sita, huniita dada. Ni mtu wa sauti ndogo. Ukimsema, hakujibu, anashika kazi yake tu, na mimi watu wa namna hiyo hunichokoza zaidi kuwasema. Nyanya ndiye aliyemtafutia mume, mjukuu wa dada yake mwenyewe, na arusi ilikuwa kubwa. Baada ya miaka miwili akaomba talaka, akapewa. Kwa nini, hakumwambia mtu. Nyanya alimwita amweleze, akanyamaza. Akaitwa mara ya pili, akanyamaza. Hapo nyanya akanuna.

Kununa kwa nyanya hakukuwa na kelele. Kila Ijumaa mtoto wa ami alikuwa akimletea sahani ya mahamri, imefunikwa kawa, na kila Ijumaa sahani ilirudi Makadara na kawa lake juu, hakuna hata moja lililoguswa. Ami naye akaacha kusema na binti yake. Alimwambia mara moja tu: "Siku mama yangu atakayokuwa radhi nawe, nami niko radhi." Basi wakakaa hivyo, baba na bintiye, wanapitana njiani Makadara na salamu ni ya mbali.

Moyo wa nyanya ulipoanza kusumbua, akawa hashuki tena ngazi, aliniita chumbani kwake. Nilimkuta amekaa kitandani, chini ya pangaboi, mtandio umefungwa vizuri, kama mtu anayengoja wageni.

"Ndoo hapa, wewe wa kompyuta," akaniambia. "Nataka kusema na wajukuu wangu wa kike. Mmoja mmoja. Wavulana wana mambo yao, babu yao aliwaachia. Nyinyi nataka kuwaachia maneno."

Nikamwambia nitaleta simu, azungumze. Akakataa. Simu ya mtu ina mambo ya mtu, alisema, mara inalia, mara inaonyesha picha. Basi nikaenda kwa akina mama wa darsa, pale msikiti wa jirani, nikaazima kidude chao cha kurekodi, kile wanachomwekea mwalimu mbele akisomesha. Nikamwonyesha nyanya kitufe cha kuanza na cha kusimamisha. Alikishika vizuri kuliko nilivyotarajia.

Masharti yake yalikuwa mawili. La kwanza, nisisikilize, wala mtu mwingine asisikilize, kila neno lina mwenyewe. La pili, nisimpe mtu chake mpaka yeye awe ameshakwenda zake na arubaini imepita. Ilichukua siku nne. Nilikuwa nikitoka kazini napitia kwake, namwekea kidude mkononi, natoka nje ya mlango, nakaa kwenye ngazi. Akimaliza huniita. "Hicho ni cha fulani binti fulani, andika." Nikamuuliza, si niandike majina ya nyumbani, ndiyo tunayoyajua? Akanitazama. "Andika majina waliyopewa na baba zao. Hayo mengine ni mizaha." Nami nikaandika kwenye karatasi: namba ya faili, jina, binti nani. Cha mtoto wa ami wa Makadara kilimchukua muda mrefu kuliko vyote. Niliketi kwenye ngazi mpaka mguu ukafa ganzi. Aliponiita macho yake yalikuwa mekundu, na sikuuliza. Changu alikiweka mwisho kabisa, akinicheka. "Wewe uko hapa kila siku, waweza kungoja."

Ilikuwa Alhamisi alasiri nilipokaa nyumbani kwangu kuzipanga faili zile. Akina mama wa darsa walikuwa wameshanitumia ujumbe mara mbili, wanakitaka kidude chao kabla ya maghribi, tena kikiwa kitupu. Nilianza vizuri. Nilizinakili faili zote kumi na moja kutoka kwenye kidude hadi kompyuta yangu, nikahesabu, nikalinganisha ukubwa, zote sawasawa. Hapo ndipo mtoto wa ami alipobisha hodi, amepita kuuliza hali ya nyanya, maana kwa nyanya mwenyewe hakuruhusiwa kupanda ngazi. Nikamkaribisha, nikamwambia akae, nina kazi.

Akakaa karibu nami, akatazama kioo. Kulikuwa na orodha ya faili, namba tupu, na pembeni ile karatasi yangu. Sikumwambia maneno yenyewe yalikuwa nini, nilimwambia ni mambo ya nyanya tu, nayabadilisha majina. Akatazama karatasi, akatazama kioo.

"Dada," akasema, "kwa nini usiyaache vivi hivi, ukatunza hiyo karatasi? Namba si zipo?"

Ilikuwa rai njema. Leo mwanafunzi akiniambia vile nitamwambia mashaallah, una akili. Lakini mimi nina shahada, yeye anauza mahamri, na nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Wewe kaanga mahamri yako, kompyuta niachie mimi. Mimi hufundisha watu hizi." Akasema haya dada. Akakunja mikono yake juu ya mapaja, akawa anatazama kioo.

Basi nikataka kumwonyesha. Ndio ukweli wenyewe. Ningeweza kubadilisha jina moja moja, zilikuwa kumi na moja tu, lakini nilitaka aone faili zote zinageuka kwa pigo moja. Nikaichapa ile orodha haraka haraka. Nikaandika mistari mitatu ya amri: soma namba, soma jina, iite faili ile kwa jina lile, rudia mpaka orodha iishe. Jina lenye nafasi katikati huleta matata kwenye amri hizi, kila mwalimu wa somo langu anajua, basi nikaiambia kompyuta ichukue neno la kwanza tu, binti nani waachwe. Kichwa changu kilikuwa kwenye nafasi, hakikuwa kwenye jina. Vidole vyangu vilikuwa vimechapa jina la nyanya mara nne ndani ya dakika mbili, na sikuona kitu. Sikuiambia kompyuta inionyeshe kwanza. Sikuweka ile herufi moja. Nikabonyeza.

Ikarudi na mstari mtupu. Nikatazama kwa jicho moja, nikaona majina badala ya namba, nikamgeukia mtoto wa ami nikamwambia, "Waona? Kwisha." Akasema mashaallah. Nikanakili folda nzima kwenye flashi, nikafuta kila kitu kwenye kidude, nikakipeleka kwa akina mama kabla ya adhana. Jumamosi yake walirekodi darsa la saa tatu nzima juu ya palepale.

Nyanya aliishi miezi mitano baada ya hapo. Hilo ndilo linaloniuma nikikaa peke yangu. Miezi mitano mizima, mtu yuko hai, akili zake timamu, anakunywa chai yake ya tangawizi, angeweza kusema upya maneno yale yote na zaidi. Siku yoyote ningefungua folda ile nikahesabu, nane, ningekwenda kwake nikamwangukia miguuni, angenitukana kidogo, tungeazima kidude tena. Sikuifungua. Nilijiambia ni amana, haifunguliwi. Kuhesabu si kusikiliza, lakini sikulifikiri hilo, au sikutaka kujishughulisha nalo.

Siku moja nilikuwa kwake nampangia dawa zake za wiki. Akaniuliza, "Vitu vyangu viko salama?"

"Viko salama, nyanya."

"Hata cha yule wa Makadara?"

"Hata chake. Usiwe na wasiwasi."

Akasema alhamdulillahi, akageuka upande wa ukuta. Mimi nikaendelea kuhesabu vidonge.

Alifariki asubuhi, baada ya chai, na akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Mtoto wa ami alikuja matangani akakaa jikoni na masufuria, siku zote tatu, hakukaa na sisi kwenye mikeka. Ami alipita mlangoni pa jikoni mara nyingi. Sikumwona akiingia.

Arubaini ilipopita nikafungua folda. Nilikuwa nimenunua flashi kumi na moja, nimezipanga juu ya meza, kila moja na kikaratasi chake. Nikaziangalia faili, nikaanza kuzigawa, nikamaliza, na flashi tatu zikabaki tupu. Nikadhani nimepitiwa. Nikahesabu kwa kidole, kama mtoto wa madrasa. Nane. Nikaiambia kompyuta ihesabu. Nane. Jina la nyanya lilikuwepo mara moja.

Sijui niseme nini juu ya siku ile. Kwanza nilikasirika, na nilimkasirikia nani? Niliikasirikia darsa, nikamkasirikia nyanya na majina yake rasmi, nikawakasirikia ami zangu wote kwa kukosa jina jingine la kumpa mtoto. Halafu hasira ikaisha, nikabaki mimi. Nilijaribu kila programu ninayoijua ya kufufua vilivyofutwa. Diski za siku hizi, zikiambiwa mahali fulani hapana kazi tena, hupasafisha zenyewe. Nilijaribu siku tatu. Nilimpelekea fundi mmoja ninayemwamini, akaniuliza, mwalimu, hukuweka nakala ya pili kwanza? Nikamwambia hapana. Akaona haya kwa niaba yangu, akatazama pembeni.

Faili moja iliyosalia ilikuwa na jina letu sote wanne, nami nilijua ni yangu kabla sijaifungua. Nyanya aliniweka mwisho, basi mimi ndiye niliyewafuta wenzangu.

Nikaisikiliza. Ilikuwa ya dakika tatu. Alianza kwa kulitaja jina lake mwenyewe, basi, bila ya binti nani, kisha akasema: "Wewe umechukua jina langu. Sikukuchagulia, ni baba yako alitaka. Kama kuna siku nilikununia, ni mapenzi hayo, mtu hamnunii asiye wake. Radhi zangu unazo, hapa na huko niendako. Ukitaja jina lako unitaje na mimi katika dua." Kisha akakohoa, na hapo ndipo akaniambia nipunguze mdomo, watu wananiogopa bure, na ahsante kwa kumshikia kidude na kukaa kwenye ngazi, alinisikia nilivyopiga chafya huko. Hilo la chafya lilinivunja. Nilicheka na kulia pamoja.

Kisha nikafanya la pili, na hili sikulifanya kwa haraka. Nililifikiri siku nzima. Mwanzo wa maneno yale haukumtaja mtu ila jina, na jina lilikuwa la wote. Nikakata mwisho, kuanzia kile kikohozi. Nikaipa faili iliyobaki jina kamili, la mtoto wa ami wa Makadara na la baba yake. Nikaandika cp, nikatoa nakala ya pili, nikaipa jina la yule anayekaa Nairobi. Nikatoa ya tatu, nikaipa jina la yule mdogo ambaye bado anasoma. Safari hii niliweka ile herufi n. Niliiambia kompyuta inionyeshe kwanza. Nilihesabu kabla na baada, nikalinganisha faili na faili mpaka tarakimu ya mwisho. Sijawahi kunakili kwa uangalifu namna ile, na nilikuwa nanakili uwongo.

Nikajisemea, kuna ubaya gani? Nyanya asingewanyima radhi wajukuu zake. Nikakazana kujisemea hivyo. Flashi ya Nairobi niliipeleka Mwembe Tayari, nikaikabidhi kwa watu wa mizigo wa basi. Yule mdogo nilimpa mkononi. Na Makadara nikaenda mwenyewe.

Jina lake alikuwa ameliona kwenye karatasi siku ile, lakini hakuamini kama na yeye amewekewa neno. "Mimi pia?" aliniuliza, tena mara mbili. Tulimtafutia mahali pa kuichomeka, akaisikiliza akiwa amesimama, mikono ina unga. Ilipofika kwenye radhi akakaa chini kwenye debe la mafuta. Akairudisha mwanzo, akaisikiliza tena. Kisha akavua aproni, akafunga genge lake asubuhi ile na wateja wamesimama, akaenda moja kwa moja kwa baba yake. Mama yangu ndiye aliyenisimulia yaliyotokea huko. Ami aliisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji, akashindwa kuyanywa, akamvuta binti yake akamshika kichwa. Tangu hapo kila Ijumaa ami huenda kula mahamri Makadara, na huyamaliza yote kwenye sahani.

Kila mtu alifurahi. Baba alisema mama yake alikuwa na busara kubwa. Mtoto wa ami akawa ananiletea mahamri mimi, yale yaliyokuwa yakienda kwa nyanya, na kunishukuru, dada Mungu akulipe, bila wewe nisingepata neno hili. Alinenepa kidogo. Alicheka na wateja. Aliniambia ameyahifadhi yale maneno, akanisomea kwa moyo, na alikosea mahali pamoja, nami nikajizuia nisimsahihishe.

Nilivumilia miezi minne. Sikulala vizuri, sikuwa na raha darasani, nikifika kwenye somo la mv nilikuwa nampa mwanafunzi mwingine aeleze. Nikajiambia mtu ana haki ya kujua ukweli wake. Nikajiambia mengi mazuri. Siku ya Ijumaa, ambayo sikuwa na darasa, nikaenda Makadara wateja walipopungua, nikamwomba tukae.

Nikamwambia yote. Zilikuwa kumi na moja, nikazibadilisha majina siku ile ulipokuwa umekaa ubavuni pangu, zikabaki nane. Chako kimefutika, mimi ndiye niliyekifuta. Hicho unachokisikiliza ni changu, nilikikata mwisho nikakunakilia. Nisamehe.

Hakulia. Alikuwa anakunja magazeti ya kufungia mahamri, akaendelea kuyakunja.

"Ulikisikiliza changu kabla hakijafutika?"

"Hapana. Alinikataza."

"Kwa hiyo hujui aliniambia nini."

"Sijui."

"Huenda hakunisamehe."

Nikamwambia haraka kwamba nyanya alimuulizia. Kwamba katika wote kumi na mmoja, alikiulizia chake tu kama kiko salama. Hapo akaacha magazeti, akanigeukia.

"Aliuliza vipi, dada? Kwa sauti gani?"

Nikajaribu kukumbuka. Wallahi nilijaribu. Nikamwona nyanya kitandani, nikauona mkono wake juu ya shuka, nikaviona vidonge. Sauti sikuipata. Nilikuwa nahesabu dawa, na neno lile lilinipita kama neno lolote. Ningeweza kumdanganya hapo, kumwambia aliuliza kwa upole, na pengine ningekuwa nimesema kweli. Nikamwambia sikumbuki.

Akaitikia kwa kichwa. Akayarudia magazeti yake. Kisha akasema, "Baba usimwambie."

Nikamwambia sitamwambia.

"Wala mtu yeyote. Yeye mwache vivi hivi."

Nikaona nafuu, na naona haya kuisema nafuu hiyo. Miezi minne nilikuwa sipumui vizuri, na nikiwa pale juu ya kibao chake nikapumua. Nilikuwa sijainuka nilipomsikia ami anatoa salamu kwa mbali, ametoka msikitini, kofia mkononi kwa joto. Akanipa mkono, nikaubusu, akaniuliza hali ya baba. Akakaa mahali pake, akaletewa sahani yake na mbaazi. Alipokwisha kula akajifuta mdomo, akamwambia bintiye, kama anavyomwambia kila Ijumaa, "Hebu tuwekee mama."

Akakausha mikono, akaweka. Alisimama nyuma ya baba yake, mkono wake uko begani pake, na uso wake nauona mimi peke yangu. Sauti ya nyanya ikalitaja jina letu. Ikasema radhi zangu unazo, hapa na huko niendako. Ami akafumba macho akasema amin. Na yeye, nyuma yake, akasema amin.